Ng'ombe Wasionuka Dawa

Wanunuzi wa Idd wana pua. Mtu yule yule aliyeshinda mwaka mzima akila nyama ya buchani bila kuuliza ng'ombe alikufaje, Idd ya kuchinja ikikaribia hugeuka mtaalamu. Atamzunguka dume, atampapasa nundu, atamfunua midomo atazame meno, kisha atainamisha uso ubavuni mwa mnyama na kuvuta pumzi. Akisikia harufu ya dawa ya kupe, biashara imekufa. Atasema nyama itanuka mpaka kwenye pilau. Atasema mnyama wa sadaka hapakwi sumu. Bei itashuka mpaka muuzaji aone haya kuitaja mbele ya mkewe.

Twaibu yalimkuta hayo mwaka uliotangulia, na aliyemtenda ni Hajji Sulaiti, tajiri wa malori yanayopita Bwera, mpakani, kwenda Kongo. Hajji alimnusa dume mwekundu, akajipangusa pua kwa leso nyeupe, akasema mbele ya kadamnasi, "Twaibu, mimi nataka kuchinja ngombe. Sitaki kuchinja duka ya dawa." Watu wakaangua kicheko. Twaibu naye akacheka, maana mfanyabiashara hana ruhusa ya kununa, lakini Hamidah, mkewe, aliyekuwa ameshika kamba ya yule dume, alimwona mumewe akipangusa ubavu wa mnyama kwa kiganja, pale pale Hajji aliponusa. Dume aliuzwa jioni kwa mchinjaji wa Nyamwamba kwa bei ya kutupa. Mume na mke walirudi kwao Rukoki na kamba tupu.

Ndiyo maana mwaka huu Twaibu aliapa kwamba dawa haitagusa ngozi ya mnyama wake.

Aliwanunua ng'ombe wanane kwa wafugaji wa Hamukungu, kule ziwani ndani ya hifadhi, ambako ng'ombe na nyati wanakula nyasi zile zile na kupe hawabagui mwenyeji wala mgeni. Siku hizo wilaya ya Kasese ilikuwa chini ya karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe hawakuruhusiwa kuhamishwa bila kibali, na kibali hakikupatikana. Twaibu hakusubiri. Aliwapitisha kwenye vijia vya mashamba ya pamba, akawaingiza katika zizi lililo nyuma ya nyumba yake, akaziba upande wa barabara kwa mabati. Mali yote ya nyumba ile, pamoja na karo ya binti yao Jamira aliyekuwa shule ya bweni, ilikuwa imesimama nyuma ya mabati yale ikicheua.

Walikuwa ng'ombe wa kutazamika. Manyoya yaling'aa, macho maangavu, pua zenye unyevu. Ila kupe waliwajaa kama wamealikwa harusini, na mnunuzi wa Idd asiyetaka dawa hataki kupe pia.

Kazi ya kuwang'oa waliifanya wenyewe, kwa sababu kibarua angeyaona mabati na kuuliza. Hamidah alianzia masikioni. Twaibu alishika mapaja kwa ndani na chini ya mkia, pale kupe wanapopenda joto. Kupe aliyeshiba, mnene kama mbegu ya nyonyo, alibanwa kati ya kucha mbili za madole gumba na kupasuliwa. Tap. Mama yake Twaibu alifanya vivyo hivyo, na mama wa mama yake, kwa kujua kwamba kupe unayemtupa chini atapanda tena mguu ule ule kabla hujamaliza sikio la pili. Damu iliyoruka walijipangusa kwenye nguo za kazi, wakaendelea.

Dole gumba la Twaibu lilikuwa limepasuka pembeni mwa ukucha, kamba ya dume mweupe ndiyo iliyolichana.

"Baba Jamira, funga hiyo kidole, hata na plastiki," Hamidah alimwambia.

"Kwa nini?"

"Damu ya ngombe inaingia ndani."

Twaibu alicheka. "Hii ni kupe tu, mama. Mimi nimezaliwa katikati ya kupe. Kama kupe inaua, baba yangu angekufa akiwa mtoto."

Hamidah naye akacheka, akarudi kwenye sikio la dume. Baadaye kicheko hicho alikichukia kuliko jambo lolote alilopata kulifanya.

*

Homa haikubisha hodi. Twaibu aliamka mzima, akanywa chai na muhogo, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Jua halijakaa sawa alirudi anayumba, akaanguka kitandani na viatu vyake. Mwili ulikuwa moto wa kuunguza kiganja. Alilalamika mgongo, alilalamika shingo, akaomba pazia lishushwe kwa sababu mwanga ulimchoma macho.

"Kichwa inapasuka, Mama Jamira. Ni kama mtu amenipiga na rungu."

Hamidah alimfunga kitenge kifuani, akamweka nyuma ya bodaboda, naye akapanda nyuma yake kumshikilia, wakaenda kiliniki ndogo ya karibu. Nesi alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, wakangoja. Ikatokea mistari miwili.

"Malaria iko," nesi akasema, akimwonyesha Hamidah kile kipimo. "Umeona? Mistari mbili. Usiogope, mama, hii tunaijua."

Hamidah alishusha pumzi. Malaria katika Kasese ni jirani mwenye tabia mbaya. Humpendi, lakini unajua atakuja lini na ataondoka vipi. Twaibu alichomwa sindano kwenye paja, akapewa na vidonge, wakarudi nyumbani na matumaini. Jioni alikunywa uji. Hakim, mdogo wake Twaibu anayekaa Bwera, alipiga simu kuuliza hali, na Hamidah akamjibu kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "Ni malaria tu, shemeji. Kesho utamkuta kwa ngombe."

Kesho yake Twaibu hakuinuka. Homa ilikuwa pale pale, na tabia yake ikawa ya mtu mwingine. Huyu bwana mpole, aliyewahi kumwomba radhi hata mbuzi aliyemkanyaga, alimfokea mkewe kwa sababu kikombe kiligonga meza. Kisha akalia kama mtoto. Kisha akalala usingizi mzito asiotaka kuamshwa. Hamidah alipomfunua kumpangusa jasho, aliona pale paja lilipochomwa sindano. Palikuwa peusi, weusi uliotambaa mpana kuliko kiganja, na tundu dogo la sindano lilikuwa bado linavuja damu.

Alilitazama paja lile. Alikwishaona malaria ya kila aina, ya mumewe, ya Jamira, ya kwake mwenyewe mimba ikiwa tumboni. Hakuna hata moja iliyokataa kufunga tundu la sindano.

Hamidah alikuwa akifua shuka lenye madoa ya damu, Acan alipofika kuchukua maziwa yake ya mbuzi. Acan alikuwa mke wa polisi, mwanamke wa kutoka Gulu, anayekaa kwenye nyumba za polisi hapo juu. Kila asubuhi alikuja na kijerikeni chake, wakipiga soga mpaka maziwa yanapoa. Safari hii alisimama kwenye lango. Aliliangalia beseni, akayaangalia maji mekundu.

"Mama Jamira, nani anatoka damu?"

"Baba Jamira. Fizi tu. Amejichoma na mswaki."

 Acan aliiweka pesa ya maziwa ya jana juu ya jiwe, hakumpa mkononi, akarudi nyuma hatua kadhaa kabla ya kugeuka. Kijerikeni chake alikiacha hapo hapo langoni na hakurudi kukichukua. Hamidah aliiokota pesa ile na uso ukimwaka kwa aibu, kana kwamba amekutwa akiiba.

*

Hakim alikuja mchana, mbio, kwenye pikipiki yake. Alimchungulia kaka yake mlangoni, akatoka nje, akamvuta Hamidah mpaka nyuma ya jiko.

"Shemeji, hii sipendi. Batu banaanza kusema ni Ebola."

"Twende hospitali."

"Twende, sikatai. Lakini sikia mimi." Aligeuka kuyatazama mabati. "Ukisema ngombe, batu ya serikali batakuja hapa. Hatuna kibali. Batazipiga risasi zote, batazichoma moto, na mutu yetu batamufunga hata kama amepona. Tutabaki na nini? Mutoto atasoma na nini? Sema anauza mashuka. Mutu ya mashuka hana maneno mingi."

"Na kama ugonjwa inatoka kwa ngombe?"

"Zitazame, shemeji! Kuna hata moja iko mugonjwa?"

Wakageuka wote wawili, wakatazama. Ng'ombe wanane walikuwa wanacheua kwa raha zao. Dume mweupe aliinua kichwa akamwangalia Hamidah, akapiga chafya, akarudi kwenye majani. Kweli, hakuna hata mmoja aliyekohoa. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na ng'ombe wanane wasio na kibali na Idd mlangoni. Na kutoka chumbani, kwa dirisha lile lenye pazia, sauti ya Twaibu mwenyewe ilisema, "Mama Jamira, fanya kama Hakim anasema. Ngombe zangu usiguse."

Kwa hiyo alikubali. Simlaumu. Mwanamke aliyeshika kamba mbele ya kadamnasi mwaka jana alijua vema sura ya unyonge.

*

Hospitalini, mlangoni kabisa, walipokewa na watu waliovaa mavazi ya manjano ya kujikinga kutoka utosini mpaka miguuni, na maswali yakaanza kabla Twaibu hajalazwa. Amevuka kwenda Kongo? Hapana. Amemtembelea mgonjwa? Hapana. Amehudhuria mazishi? Hapana. Amekula nyama ya porini? Hapana. Yote yalikuwa kweli, na Hamidah aliyajibu kwa kifua kilichonyooka. Twaibu akaingizwa katika wodi ya kutengwa. Hamidah akavalishwa joho, glavu na barakoa, akaruhusiwa kukaa mbali na kitanda, bila kumgusa.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, jina lake Musoki. Juu ya barakoa yalionekana macho tu.

"Mzee anafanya kazi gani, mama?"

"Anauza mashuka."

"Ana mifugo? Ng'ombe, mbuzi?"

Twaibu alifungua macho. Yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelala kwenye moshi, na yalimtazama mkewe bila kupepesa.

"Hapana," Hamidah akasema. "Mashuka tu."

Daktari aliitikia kwa kichwa akaendelea. Damu ilitolewa ikapimwa hapo hapo kwa kile kilichoogopewa na kila mtu, nyingine ikapelekwa maabara ya Entebbe kwa vipimo vingi zaidi. Usiku kucha Hamidah alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwa na uongo wake kama jiwe ndani ya kiatu. Puani mwa Twaibu damu ilianza kuchuruzika, nyembamba, haikomi. Kila ilipopanguswa ilirudi.

Asubuhi daktari alikuja na habari. "Mama, kipimo cha kwanza kimerudi. Si Ebola."

Hamidah alimshukuru Mungu kwa sauti, akalia. Alitaka kumpigia Hakim simu. Alitaka kumpigia hata Acan, amwambie aje achukue kijerikeni chake mbele ya watu. Lakini daktari hakuwa amefurahi, na alivuta kiti kingine akaketi.

"Sikia pole pole. Mimi bado naogopa. Homa zote zinaanza na sura moja, mwili moto, kichwa, mgongo. Malaria inaletwa na mbu, na mzee anayo, kweli. Lakini hapa kwetu watu wengi wanatembea na malaria ndani ya damu na wala hawalali kitandani. Mistari miwili haisemi iko peke yake. Taifodi inatoka kwenye maji na chakula, inapanda kidogo kidogo. Ebola unaipata kwa mgonjwa, kwa maiti, ama mnyama wa porini. Tumeitafuta, haiko. Sasa kuna nyingine."

"Nyingine gani?"

"Hiyo inakaa ndani ya kupe. Kupe akikuuma, ama ukimpasua na mkono, ama damu ya ng'ombe ikikuingia kwenye kidonda. Inakuja ghafla kama mtu amepigwa rungu. Macho yanakataa mwanga, mtu anabadilika tabia, halafu damu inaanza kutoka, hata tundu la sindano linakataa kufunga. Nilikuuliza kama ana mifugo, ukasema hana. Kwa hiyo nimeiweka nyuma."

 Hamidah aliitazama mikono yake ndani ya glavu.

"Na hiyo ngombe," aliuliza, "hiyo ngombe yenyewe inakuwa mgonjwa?"

"Hapana. Hiyo ndiyo ubaya wake. Ng'ombe haiumwi. Inakula, inanona, inakutazama."

Kitandani Twaibu alikuwa macho. Alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa, polepole, kushoto na kulia, na damu ikachora mstari kwenye mto. Hakuwa anamwomba, alikuwa anamkataza, kama mume anavyomkataza mke mbele ya wageni. Hamidah alimpenda mtu yule. Alimpenda tangu alipokuwa na mbuzi mmoja na baiskeli mbovu. Ndiyo maana aliutazama ule mstari wa damu, akayatoa macho yake hapo, akamgeukia daktari.

"Tuko na ngombe nane, daktari. Nyuma ya nyumba. Hatujapiga dawa. Tunatoa kupe na mkono, tunapasua na kucha, mimi na yeye. Kidole yake ilikuwa imekatika."

Daktari Musoki alisimama papo hapo. Hakumkemea. "Sindano zote zisizo za lazima nasimamisha. Kuna dawa tutaijaribu. Ikianza mapema ndiyo ina nafuu." Akaifungua kalamu. "Kesho kutwa ni Idd. Ng'ombe ziko wapi sasa?"

"Hakim anazipeleka sokoni leo."

"Mpigie simu. Sasa hivi."

Hamidah alipokuwa akitafuta simu chini ya joho, alisikia sauti ya Twaibu. Ilitoka dhaifu, lakini kila mtu mle ndani aliisikia, daktari, nesi, na mfagiaji aliyekuwa mlangoni.

"Umetuchinja, Mama Jamira," alisema. Kisha akaugeuza uso wake ukutani.

*

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Dawa ilianza mchana ule, na damu ya watu wengine iliingizwa mwilini mwake kutoka kwenye mfuko, na yake iliendelea kutoka. Alikufa siku ya Idd, takbiri zikisikika kutoka misikiti ya Kasese. Majibu ya Entebbe yalifika akiwa ameshakufa. Ilikuwa ile ile ya kupe.

Hakuoshwa. Watu wa mavazi ya manjano walisema damu ya maiti inaweza kuwachukua waoshaji wote, na sheikh aliyeitwa alikubaliana nao, akasema dini haimtaki mtu ajiue ili amwogeshe aliyekufa. Wakamfunga ndani ya mfuko mweupe wenye zipu. Sheikh aliswali akiwa mbali, wanaume wa ukoo nyuma yake wakiwa wamesimama kwa nafasi nafasi, na Hamidah alitazama kutoka upande wa pili wa kamba ya plastiki iliyofungwa mti hadi mti. Hakuruhusiwa hata kumgusa mguu. Miaka yote ile alikuwa akimtayarishia maji ya kuoga kila jioni, ya uvuguvugu, na sabuni pembeni. Siku moja ambayo maji yalikuwa ya faradhi, hakuna aliyemwaga hata kikombe.

Simu ya Hamidah ilimkuta Hakim hajafungua zizi, na serikali ikaja Rukoki kama alivyosema. Ila haikuja na bunduki. Walikuja mabwana mifugo na bomba la kunyunyizia, wakawaogesha ng'ombe wote dawa mpaka kupe wakaanguka chini kama mchanga, wakafunga zizi, wakaandika faini ya kukosa kibali, wakaondoka. Hakuna mnyama aliyepigwa risasi. Hakuna aliyechomwa moto. Uongo wote ule ulikuwa wa kuwaokoa ng'ombe ambao hakuna aliyetaka kuwaua.

Hamidah alipimwa joto asubuhi na jioni mpaka muda wa hatari ulipokwisha. Kila kipimajoto kilipoingizwa kwapani alifunga macho akingoja. Hakuugua. Alimuuliza Daktari Musoki kwa nini yeye aliyepasua kupe wengi zaidi amebaki, na mwenzake akaondoka.

"Kidole kile, labda," daktari alisema. "Ama bahati. Mengine sijui, mama. Pole."

Hakim hakukanyaga tena pale. Kule Bwera alisikika akisema shemeji yake ndiye aliyemuuza kaka yake kwa serikali, na kwamba uchungu ndio uliomuua, si kupe. Wapo waliomwamini. Acan alirudi baada ya muda mrefu, akaomba maziwa, na Hamidah akampa katika kijerikeni kile kile alichokuwa amekiosha na kukitundika ukutani.

*

Idd nyingine ikakaribia. Faini na karo zilikuwa zimewala ng'ombe mmoja mmoja, akabaki dume mweupe, sasa mkubwa, mwenye nundu iliyolalia upande. Kila wiki Hamidah alijifunga bomba mgongoni, akavaa glavu na mabuti, akamnyunyizia dawa kuanzia pembe mpaka kwato. Harufu ilimtangulia yule dume barabarani.

Alimpeleka mnadani mwenyewe, ameshika kamba. Wanunuzi walikuja, wakainama, wakanusa, wakaenda zao. Mchana Hajji Sulaiti alifika katika kanzu yake, akamzunguka dume, akampapasa nundu kwa tamaa isiyofichika. Kisha akainamisha uso. Kisha akajinyoosha.

"Mama Jamira. Bado munauza duka ya dawa?"

"Bado, Hajji."

Watu wawili watatu walicheka, kicheko cha kukumbushana. Hajji alitaja bei. Ilikuwa bei ya matusi.

"Ngombe mzuri hivi umemharibu," akaendelea, akimshika dume sikio kama mwalimu anavyomshika mtoto mtundu. "Na hiyo dawa yenyewe haifanyi kazi. Ona." Alichomoa kitu ndani ya sikio, kidogo, kinene, cha kijivu. Kupe mmoja tu aliyeponea kwenye mkunjo ambao maji ya bomba hayakufika. Na huku akiendelea kuzungumza, bila hata kutazama, Hajji Sulaiti aliileta mikono yake pamoja, akambana yule kupe kati ya kucha mbili za madole gumba.

Tap.

Alijipangusa kwenye leso yake nyeupe. Palibaki doa moja jekundu.

Hamidah hakujua kamba aliiachia saa ngapi. Alijikuta amemkamata Hajji mkono, yeye mjane, mbele ya wanaume wote wa mnada, mkono wa mwanamume asiye wake. Alimvuta hadi kwa mama muuza chai, akanyakua birika la maji na kipande cha sabuni, akaanza kumwosha. Watu wakasogea. Mmoja akasema astaghfirullah.

"Wewe mama, una nini?" Hajji alijaribu kucheka. "Ni kupe t..."

Hakumaliza. Alikuwa ameuona uso wa Hamidah.

Hamidah alimwagia maji, akapaka sabuni, akasugua chini ya kila ukucha akitafuta mpasuko, akamwaga tena. Alifanya taratibu, kidole kwa kidole, mpaka kwenye kifundo cha mkono, kama mtu anayejua hatapata nafasi ya pili. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

"Baba Jamira hakuoshwa, Hajji," alisema. "Hata kidole moja."

Yule mzee tajiri alisimama pale, kanzu imelowa mpaka magotini. Dume mweupe alikuwa amejiachia akila majani kando ya barabara, mzima wa afya, akiwatazama.

"Lete na huo mwingine," Hamidah akasema.

Hajji Sulaiti akaunyoosha mkono wa pili mwenyewe.